Chatu wa binamu anapinda kichwa: azalishwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Ujiji, Kigoma. Binamu yangu yupo Marekani anafuga wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi wanaojikunja kama mpira wakiogopa. Ana dume wa rangi inayoitwa spaida, kichwa kinapinda na kutikisika, anasema ndo walivyo na anakula vizuri tu. Anataka tuchange hela anunue jike aanze kuzalisha. Je, hicho ni kifafa? Na akimpandisha na wa kawaida si tatizo litapungua?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Video uliyonitumia nimeirudia mara nne. Panya yuko palepale, chatu anarusha mdomo anapiga hewa, anarudi nyuma, kichwa kinajizungusha kama skrubu mpaka kidevu kinaangalia juu, halafu ndo anajaribu tena. Imeniuma kweli.

Kifafa sio. Huyo hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Utafiti uliotoka 2022 uliwapiga spaida siti skani, yaani picha za ndani ya mwili, wakakuta sikio la ndani lina kasoro za kuzaliwa, ile mifereji ya nusu duara haijaumbika sawasawa na kifuko kimojawapo ni kidogo kuliko cha chatu wa kawaida, na hapo ndo mnyama anapopatia mizani ya mwili. Ila kama alikuwa mzima halafu akaanza ghafla, amtenge na amuwahishe kwa daktari, maana dawa ya utitiri ikizidi, joto kali, au ule ugonjwa wa virusi wa chatu vinaleta dalili hizohizo.

Sasa la kupandisha, hapa ndo wengi wanadanganyana. Jeni ya spaida ikitoka kwa mzazi mmoja tu inatosha. Akimpandisha na wa kawaida, kwa wastani nusu ya watoto watakuwa spaida, na hao wote wamebeba sikio lilelile, sema mmoja anatikisika kidogo na mwingine vibaya, na mzazi aliyetulia anaweza kuzaa anayeshindwa hata kulenga panya. Tangu yule wa kwanza aingie Marekani kutoka Afrika 1999, watu wamechanganya na rangi chungu nzima, mapambo yamebadilika, kichwa hakijatulia.

Mama yangu hapa Tabora anafuga kuku vibete, wale wa miguu mifupi. Kibete kwa kibete, kama robo ya mayai kifaranga anafia ndani mapema sana, usiku unamulika na tochi unaona pete ya damu tu. Nikamwambia apandishe mfupi na mrefu, pete zile zikaisha. Kwa kuku ujanja huo unafanya kazi kwa sababu kinachoua ni kupata jeni mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa spaida hata moja inaumiza, kwa hiyo hakuna namna ya kupandisha itakayokupa rangi ile bila ugonjwa ule.

Na hilo la "anakula vizuri" mi silikubali kabisa. Broila naye anakula huku miguu imemshinda. Nyoka hapigi kelele, hachechemei, ndo maana ni rahisi kujiambia yuko sawa.

Kwa hiyo asizalishe, na asimuuze kwa atakayemzalisha. Hela yako usiitoe, mdogo wangu. Aliyepo asimuue, amtunze: boksi la chini lisilo na matawi ya kupanda maana ataanguka, joto lisipande, asimshikeshike hovyo, na panya amsogezee kwa koleo mpaka karibu na mdomo. Na wewe usije ukashawishika kukamata chatu huko Malagarasi, bila kibali cha wanyamapori ni kosa la jinai.

Mwambie binamu amlaze chali taratibu juu ya taulo, arekodi anachukua sekunde ngapi kujigeuza, anitumie. Nikiiona ntamwambia kama huyo bado ana maisha ya kuishi au anateseka tu.