Shangazi alinipa kiti cha enzi harusini. Naweza kukiuza?

SWALI: Assalamu alaikum sheikh. Naishi Langoni, hapa Lamu. Nilipoolewa, miaka tisa iliyopita, shangazi alinipa kiti cha enzi, kile kiti cha heshima cha kale cha huku pwani, alichokirithi kwa babu. Akaniambia, "Hiki chako, kitunze." Sasa mashine ya boti ya mume wangu imekufa, akiba hatuna, na yuko mtu anayekitaka kiti. Mama anasema kuuza zawadi ya ndugu ni haramu. Wengine wanasema nimuuzie shangazi mwenyewe. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaikumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Allah awafungulie mlango wa riziki, na boti irudi baharini.

Kukiuza si haramu. Shangazi alisema "chako", ukakubali, kikaletwa kwako. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, hiba, yaani zawadi, hutimia kwa kukabidhiwa, na tangu siku hiyo mwenye kiti ni wewe. Mtume (s.a.w.) alimpelekea Sayyidna Umar vazi la hariri. Umar alishangaa, kwani alikwisha kumsikia akisema hariri ni vazi la asiye na fungu Akhera. Mtume akamweleza kwamba hakumpa alivae, amempa aliuze au amvishe mwingine. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na humo mtoaji mwenyewe ndiye aliyetaja kuuza. Neno "kitunze" alilokuongezea shangazi ni ombi la mapenzi, nawe umelitimiza miaka tisa.

Hata hivyo, jiulize jambo moja kabla ya kupokea hata shilingi. Mirathi ya babu ilikuwa imegawanywa, na kiti kikaangukia fungu la shangazi? Kama haikugawanywa, kiti kina wenyewe wengi, na yeye hakuweza kukupa haki za ndugu zake. Hapo itabidi muwatafute warithi kwanza. Nalisisitiza hili kwa kuwa magomvi mengi ya vitu vya zamani ninayoletewa huanzia hapo. Mengine huanzia kwenye ariya, yaani kitu cha kuazimwa: bibi anamvisha mjukuu mkufu siku ya harusi akikusudia urudi baada ya fungate, hasemi kitu, na mjukuu anaupeleka kwa sonara akidhani ni wake. Kitu cha kuazimwa hakiuzwi. Wewe uliambiwa "chako" waziwazi, alhamdulillahi.

Sasa hilo la kumuuzia shangazi mwenyewe. Najua linasemwa kwa nia njema, lakini mimi silipendi. Umar huyohuyo alimtoa farasi sadaka katika njia ya Allah, kisha akamwona anauzwa. Akataka kumnunua, Mtume akamkataza, hata kama angeuziwa kwa dirhamu moja, na akamfananisha anayerudia sadaka yake na mbwa anayerudia matapishi. Aliyekatazwa ni mtoaji, na wanazuoni wetu wameliweka katika daraja la makuruhu, yaani lisilopendeza ila si haramu. Kwa hiyo usimtie shangazi katika hilo. Kama kuna binamu anayetaka kiti kibaki kwenye ukoo, mpe nafasi ya kwanza, hata ukimpunguzia kidogo. Shangazi hana haki ya kudai kiti wala sehemu ya bei. Anayeruhusiwa kurejea katika hiba ni mzazi kwa mwanawe, nao wazee wa juu yake, na hata huyo haki yake huisha mtoto akishakiuza.

Mama yako hata hivyo ana jambo analoliogopa, na ana haki. Shangazi atakuja kukupa mkono wa Idi. Ataingia ukumbini, macho yatakwenda pale pale kwenye ukuta wa chokaa ambapo mgongo wa kiti umeacha alama, na pako patupu. Au atakikuta kimewekwa mlangoni kwa muuza vitu vya kale, Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wetu, kamba zake alizozisuka kwa mkono wake zinakaliwa na wapita njia. Hilo ndilo linaloumiza ndugu. Basi nenda kwake kabla hujauza, wewe mwenyewe, usimtume mtu wala usipige simu. Mwambie mashine imekufa, mwambie kiti kimekusaidia kuliko alivyodhani siku ile. Usizue kwamba kimeliwa na mchwa. Huhitaji ruhusa yake, unampelekea heshima. Akilia, kaa naye. Akikasirika, nyamaza, umrudie siku nyingine na umwombee dua. Mtume amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Allah.

La mwisho: kitazame vizuri kile cheupe kilichochomekwa kwenye mgongo wa kiti. Kikiwa mfupa, sawa. Kikiwa pembe ya ndovu, sheria ya Kenya inakataza kuiuza, na wewe usitafute riziki kwa kujitia mashakani. Wapelekee watu wa Makumbusho pale mbele ya bahari wakuangalilie kabla hujapatana bei.

Wallahu aalam.