Mkopo Hukwama Kwenye Namba, Si Kwenye Umaskini

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) inapoanza kutoa majina ya waliopata mkopo awamu kwa awamu, malalamiko ya mwaka huu huwa ni yaleyale ya mwaka jana. Mtoto yatima, kijiji kizima kinamjua, hana mkopo. Wa jirani, ambaye baba yake ana mshahara, kapata. Wajomba wanakaa kikao kutafuta nani ana mtu Dar es Salaam. Ukifungua bahasha ya makaratasi unakuta hakuna aliyetilia shaka umaskini wa nyumba ile. Mtoto mmoja ameingia kwenye mifumo kama watu wawili, basi. Bodi inafanya kazi tangu 2005 na bado tunafungana magoli yaleyale. Kwa hiyo wazazi, walezi, na nyinyi wadogo zetu mliomaliza kidato cha sita, someni haya kabla ya kukimbilia stesheneri.

1. Namba ya mtihani wa kidato cha nne. Herufi ya mwanzo ikiwa S ni mtahiniwa wa shule, ikiwa P ni wa kujitegemea, kisha inafuata namba ya kituo, ya mtahiniwa na mwaka. Aliyefanya mtihani mara moja hana neno. Balaa ni kwa aliyerudia. Chukua kijana aliyefanya mtihani shuleni, hesabu ikamwangusha, mwaka uliofuata akaikalia tena kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sasa ana namba mbili, zote halali. Akiomba chuo anaweka ile ya S kwa kuwa ndiyo yenye masomo mengi. Akiomba mkopo anaweka ya P, maana ndicho cheti kilichokuwa juu kwenye bahasha. Hakuna mfumo unaopiga kelele. OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo mtandaoni, inampa namba ya kumbukumbu ya malipo, analipa shilingi 30,000 ambazo hazirudi, nyumbani wanachinja kuku.

Sasa majina ya waliodahiliwa yanafika Bodi kutoka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Namba ya P inatafutwa humo, haimo. Aliyeomba mkopo anaonekana hana chuo, na mwenye chuo anaonekana hakuomba mkopo. Awamu ya kwanza inapita, ya pili inapita. Familia inaamini imenyimwa, inakwenda kwenye rufaa na cheti cha kifo, barua ya mtendaji na maelezo marefu ya mashamba yaliyouzwa. Yote ni ushahidi wa jambo ambalo hakuna aliyelikana! Chuo nacho kimeshafunguliwa, ada inadaiwa, na kijana analala hosteli kwa kubebwa kitandani kwa rafiki, akiamini kuna mtu kamfanyia roho mbaya.

Mwongozo wa Bodi unasema wazi kila mwaka: namba uliyoombea chuo ndiyo hiyohiyo ya kuombea mkopo. Chagueni moja, iandikeni kwenye karatasi, itumike kote. Ile nyingine ijazwe pale fomu inapouliza kama ulifanya mtihani zaidi ya mara moja. Mkigundua kosa, nendeni kwa afisa mikopo wa chuo siku hiyohiyo na vyeti vyote viwili mkononi. Msisubiri rufaa, kwani rufaa ni ya aliyepangiwa kidogo au aliyekosa baada ya kutathminiwa, na huyu hajatathminiwa.

2. Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ally, cha kidato cha nne kinasema Ali, kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la babu. Sisi tunaona ni mtu mmoja. Kompyuta haina huo undugu. Anzeni na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, kwa sababu cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, lazima vihakikiwe na kupewa namba ya uhakiki kabla ya kuviweka kwenye maombi. Zanzibar kazi hiyo ni ya wakala wao wa usajili, ZCSRA. Uhakiki unaombwa mtandaoni kwa kupakia nakala ya cheti, nakala yenyewe isomeke. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole ni kuomba kurudishwa. Majina yakipishana sana, tafuteni wakili mapema kwa ajili ya kiapo au hati ya kubadili jina. Na wenye watoto walioko kidato cha tatu na cha nne, kagueni jina shuleni kabla usajili wa mtihani haujafungwa. Huko ndiko dawa ya bei nafuu iliko.

3. Stesheneri. Kijana wa stesheneri ni mtu mwema, ila siku hiyo ana foleni ya watu ishirini. Asiweke namba yake ya simu wala barua pepe yake kwenye maombi yenu. Aliyechaguliwa vyuo viwili au zaidi hutumiwa na TCU namba ya siri kwa ujumbe wa simu, na kwa namba hiyo anathibitisha chuo kimoja kabla ya tarehe ya mwisho. Ujumbe ukienda kwa mwenye duka, nafasi imekwenda. Nywila andikeni wenyewe.

4. Sahihi. Fomu ya mkopo huchapishwa, kisha inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo au hakimu, halafu kurasa zenye sahihi zinapakiwa kwenye mfumo. Muhuri uliosahauliwa una uzito sawa na sahihi iliyosahauliwa. Mwenye ulemavu au aliye kwenye kaya ya TASAF (mpango wa kusaidia kaya maskini) aambatishe uthibitisho wake hapohapo, asiuweke akiba ya rufaa.

5. Alama. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa waliomaliza tangu 2016, kiwango cha chini cha shahada ni principal mbili (ufaulu wa A hadi E katika masomo makuu) zenye jumla ya 4.0, na ni katika masomo ambayo kozi yenyewe inayataka. A ya somo lisilotajwa kwenye mwongozo wa TCU haikusaidii, na GS (General Studies) na BAM (hesabu ya ziada) ni subsidiary, yaani masomo ya nyongeza yasiyohesabiwa kwenye principal. Kufikisha kiwango pia si kuchaguliwa: kozi zenye ushindani huanza na wenye alama za juu. Wenye ufaulu wa juu kabisa wa sayansi waulizie Samia Scholarship, ufadhili wa serikali ambao si deni.

6. Pesa yenyewe. Kupata mkopo si kupata wote. Angalieni kwenye SIPA, akaunti ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Bodi, kila kipengele kimepewa kiasi gani. Ada huenda chuoni moja kwa moja. Chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022/23, huja kwa mafungu, na fungu la kwanza halitoki mpaka mwanafunzi asajiliwe na kusaini. Mkopo haugusi kitambulisho, bima, michango ya serikali ya wanafunzi wala ile 20,000 ya TCU ya kila mwaka. Tengeni hela ya kuishi mwezi mzima bila boom, yaani hiyo pesa ya chakula na malazi. Na akaunti ya benki iwe ya mwanafunzi mwenyewe, kwa jina lilelile la chuoni. Ya shangazi haitapokea kitu, hata kama shangazi ndiye aliyelipa nauli.