Hesabu ya mtoto wa pili haianzi na mamilioni

"Shangazi, tunaishi Langoni, Lamu, katika nyumba ya wakwe zangu. Mume wangu ni mvuvi, nami hushona nguo. Mwanetu ana miaka minne na mume wangu anataka wa pili. Nimesoma kwamba kulea mtoto hugharimu zaidi ya dola 233,000, na tangu hapo sipati usingizi."

Mwanangu, hofu yako si ya kupuuzwa, ila hesabu hiyo haikuhusu. Ilifanywa na Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa mtoto aliyezaliwa huko mwaka 2015 katika familia ya kipato cha kati, tangu kuzaliwa hadi miaka 17, na fungu lake kubwa kuliko yote, asilimia 29, ni la makazi. Wewe hulipi kodi ya nyumba, na chumba alalacho mwanao kitamtosha na mdogo wake.

Chukua daftari uandike mwaka mmoja tu, ukianza na miezi ya kusi, bahari inapochafuka na mumeo akakaa siku kadhaa bila kutoka, kwani pato la kaskazi, bahari inapotulia, huwadanganya wengi. Orodhesha mlivyotumia kwa huyu wa kwanza: maziwa, sabuni, ada ya madrasa, nauli ya boti ya kwenda Mokowe. Susu na nguo za uchangani unazo, na chanjo katika vituo vya serikali hazilipiwi. Shule ya msingi ya serikali nayo haina karo tangu 2003, lakini sare, madaftari na michango havikwepeki. Msiache mchango wa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, ambao kima chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, maana ugonjwa mmoja wa ghafla hula akiba ya mwaka mzima.

Lililonisikitisha ni kwamba hukusema neno juu ya cherehani yako. Ukijifungua, italala kwa miezi, na pato litakalokosekana ni gharama kamili, ijapokuwa waume wengi hawaihesabu kwa sababu haina risiti. Iandike mstari wa kwanza, kisha keti na mumeo mkubaliane ni nani atakayemshika mtoto utakaporudi kushona, na mkwe wako aulizwe kwanza kabla ya kupangiwa kazi hiyo.

Mkiona kusi inawaacha na deni dukani, una haki ya kumwambia mumeo msubiri mwaka mmoja au miwili, na muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango atawapokea nyote wawili.