Kumlilia Mchezaji na Kuihofia Timu kwa Wakati Mmoja

Habari kwamba mshambuliaji wa Liverpool, Diogo Jota, na mdogo wake, André Silva, wamefariki dunia katika ajali ya gari karibu na Zamora, nchini Hispania, zilitufikia sisi mashabiki wa klabu hiyo ya soka ya Uingereza tarehe 3 Julai 2025, na kabla siku haijaisha nilikuwa nimeshaulizwa maswali mawili ambayo, kwa mtazamo wa wengi, hayakupaswa kukaa pamoja. La kwanza lilihusu mkewe, ambaye alikuwa amefunga naye ndoa siku chache tu kabla, pamoja na watoto wao watatu. La pili lilihusu nani atakayeziba pengo lake katika safu ya ushambuliaji msimu utakapoanza. Kijana aliyeuliza swali la pili alishambuliwa na wenzake kwa maneno makali, akaambiwa hana utu, akanyamaza. Kwa kuwa kwa miaka mingi nimekuwa mratibu wa kundi letu la watu wanaotazama mechi pamoja, ilinibidi niseme neno, na mambo niliyoyasema siku ile na katika miezi iliyofuata ndiyo ninayoyaandika hapa kwa ajili ya yeyote ambaye timu yake itapatwa na msiba wa namna hii.

Msimamo wangu ni kwamba kuihofia timu hakumpunguzii marehemu heshima yake. Sisi mashabiki hatukumjua Jota nyumbani kwake. Tulimjua akiwa amevaa jezi namba 20, akiingia kutokea benchi mechi ikiwa imekaza, au akifunga bao kama lile la ushindi dhidi ya Everton mwezi Aprili mwaka huohuo. Mtu tuliyempenda alitufikia kupitia timu, kwa hiyo ni jambo la kawaida kabisa kwamba tunapomkosa yeye tunaliona pia pengo alilokuwa akilijaza uwanjani. Kinachogeuza swali la kijana yule kuwa jeraha ni wakati linapoulizwa na watu wanaolisikia. Tulikubaliana kwamba masuala yote ya usajili yasubiri mpaka mazishi yapite, na yalipofanyika Gondomar tarehe 5 Julai, nilimpigia kijana yule mwenyewe na kumwambia kwamba sasa anaweza kuuliza. Aliuliza, tukajadiliana vizuri, na hakuna aliyemtukana.

Napendekeza kila kundi la mashabiki lijiwekee mpaka wa namna hiyo, na mazishi ni mpaka unaoeleweka na watu wengi bila maelezo marefu. Tena haina maana kuuvuta mpaka huo hadi msimu mzima, kwa sababu klabu yenyewe haisubiri. Liverpool ilirudi uwanjani tarehe 13 Julai katika mechi ya kirafiki dhidi ya Preston, na mwezi huohuo ikamsajili mshambuliaji Hugo Ekitike. Kumkataza shabiki asizungumzie jambo ambalo viongozi wa klabu wanalishughulikia kila asubuhi ni kumdai huzuni ya maonyesho.

Katika saa za kwanza kuna hatari nyingine ambayo naiona kubwa kuliko maswali ya kikosi, nayo ni haraka ya kusambaza habari. Baada ya tetemeko la ardhi lililoikumba Uturuki tarehe 6 Februari 2023, zilienea taarifa, tena zikiwa na kauli za watu wa klabu yake ya Hatayspor, kwamba Christian Atsu wa Ghana alikuwa ameokolewa kutoka kwenye kifusi. Mashabiki wa klabu alizowahi kuchezea wakashangilia, wakapongezana, wakasambaza. Taarifa hizo hazikuwa za kweli, na mwili wake ulipatikana tarehe 18 Februari. Fikiria familia iliyopewa tumaini, kisha ikanyang'anywa, huku maelfu ya watu wasiohusika wakiendelea kulirudiarudia tumaini lile. Tangu wakati huo, katika kundi letu hakuna anayeruhusiwa kutuma taarifa ya kifo au ya kuokolewa mpaka familia au klabu itoe tamko rasmi, na tamko lenyewe likishatoka lisomwe mara mbili. Picha za ajali hazitumwi kabisa, hata kama kila mtu amekwisha kuziona kwingine.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ni vizuri shabiki akumbuke nafasi yake katika msiba usio wa nyumbani kwake. Wa kwanza ni wazazi, mjane na watoto, wakifuatiwa na wachezaji wenzake, ambao siku moja wataingia chumba cha kubadilishia nguo na kukuta kiti kitupu. Sisi tuko nyuma yao. Mohamed Salah, mshambuliaji mwenzake wa Liverpool, aliandika baada ya kifo kile kwamba hakuwahi kudhani kungekuwa na jambo la kumtia hofu ya kurudi Liverpool baada ya mapumziko. Mtu akishayasoma maneno hayo, anaona mara moja kwamba huzuni yake, ingawa ni ya kweli, haimpi haki ya kudai chochote kwa wale walio mbele yake: asiwadai tamko, asiwadai machozi mbele ya kamera, wala asiwadai maelezo ya kwa nini fulani hakuonekana mazikoni.

Halafu huja mechi za kwanza na taratibu zake za kumkumbuka marehemu. Hapa nina maoni ambayo baadhi ya wenzangu hawakubaliani nayo: napenda kupiga makofi kuliko kunyamaza. Ukimya wa dakika moja unahitaji utiifu wa kila mtu uwanjani, wakiwemo wasioguswa na msiba, na mtu mmoja mlevi anaweza kuuvunja. Katika mechi ya Ngao ya Jamii, ile inayofungua msimu wa Uingereza, dhidi ya Crystal Palace tarehe 10 Agosti 2025 huko Wembley, kelele za baadhi ya watazamaji zilimlazimu mwamuzi aukatishe ukimya huo kabla ya wakati wake, na hasira iliyofuata ilichukua nafasi ya kumbukumbu iliyokusudiwa. Makofi huzimeza kelele za mpumbavu mmoja. Mashabiki wa Espanyol, baada ya nahodha wao Dani Jarque kufariki mwezi Agosti 2009, walianzisha desturi ya kupiga makofi kila ifikapo dakika ya 21, kwa kufuata namba ya jezi yake. Wa Liverpool wakachagua kumwimbia Jota dakika ya 20. Desturi ya aina hii ina faida kwamba ikipita, mechi inaendelea na shabiki anarudi kuitazama timu yake bila kujiona msaliti. Ninachoomba ni kwamba isigeuzwe kuwa kipimo. Yupo mzee katika kundi letu ambaye dakika ya 20 ikifika hutoka nje, na hatujawahi kumuuliza sababu.

Suala la jezi, yaani kama namba ya marehemu istaafishwe au la, lisiwagombanishe mashabiki. Liverpool iliistaafisha namba 20 katika ngazi zote za klabu baada ya kuzungumza na familia, na familia ikishazungumza, maoni yetu hayana uzito tena.

Kauli ninayoichukia kuliko zote katika kipindi hiki ni ile ya kuwaambia wachezaji kwamba ni lazima washinde kwa ajili ya marehemu. Husemwa kwa nia njema, lakini huwatwika watu waliofiwa deni ambalo mpira haulipi kwa kutii huzuni. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani na kufariki tarehe 26 Juni 2003 katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Siku tatu baadaye Kameruni ilicheza fainali dhidi ya Ufaransa ikafungwa 1-0 katika muda wa nyongeza. Antonio Puerta wa Sevilla alifariki tarehe 28 Agosti 2007, na tarehe 31 wenzake, wakiwa wameandikwa jina lake migongoni, walifungwa 3-1 na Milan katika mechi ya Kombe la Super la Ulaya. Fiorentina, kwa upande wake, ilishinda 1-0 dhidi ya Benevento katika mechi yake ya kwanza baada ya kifo cha nahodha Davide Astori mwezi Machi 2018. Nani athubutu kusema kwamba wale wa Fiorentina walimpenda mwenzao kuliko wale wa Sevilla?

Jambo gumu zaidi, na ambalo lilitusumbua kwa muda mrefu kuliko mengine yote, ni ukosoaji timu inapoanza kufanya vibaya. Liverpool ilianza msimu kwa kushinda mechi zake 5 za kwanza za ligi, ikiwemo ile ya 4-2 dhidi ya Bournemouth ambayo Salah alibaki mbele ya jukwaa akitokwa na machozi. Kisha mambo yakageuka, na hadi ilipofungwa 4-1 na PSV nyumbani tarehe 26 Novemba, ilikuwa imepoteza mechi 9 kati ya 12 katika mashindano yote. Kundi letu liligawanyika. Upande mmoja ulidai kwamba kila kosa la beki linatokana na msiba na kwa hiyo hakuna ruhusa ya kulalamika. Upande mwingine ulidai kwamba miezi imepita, wachezaji wanalipwa fedha nyingi, na msiba usitajwe tena. Niliwapinga wote wawili. Kocha Arne Slot mwenyewe alikataa kukitumia kifo kile kama kisingizio cha matokeo, na sisi hatuna sababu ya kumtafutia kisingizio alichokikataa. Lakini mwezi huohuo wa Novemba, usiku ambao Scotland iliifunga Denmark na kufuzu Kombe la Dunia, nahodha wake Andy Robertson, aliyecheza na Jota Liverpool, alieleza kwamba alikuwa amemwaza Jota siku nzima, kwa kuwa walikuwa wakizungumza mara kwa mara kuhusu kwenda pamoja katika mashindano hayo. Mtu anayesema kwamba miezi minne au mitano inatosha hajawahi kufiwa na rafiki, au amesahau.

Kanuni tuliyofika nayo ni kwamba tunakosoa kazi na tunaacha moyo. Unaweza kusema kwamba safu ya ulinzi inafungwa mno kwa mipira ya adhabu na ya kona, kwamba wachezaji wa kiungo wanaacha nafasi kubwa nyuma yao, kwamba fedha za usajili zilitumika vibaya, na kwamba kocha alichelewa kubadilisha wachezaji. Yote hayo yanajadilika, na mtu anaweza kukujibu kwa hoja. Neno ambalo haturuhusu ni kwamba wachezaji hawajali, kwa sababu hakuna shabiki anayeweza kulijua hilo kutoka kwenye kiti chake, na katika mwaka wa msiba linaumiza mara mbili. Vilevile hatumlinganishi mchezaji mpya na marehemu. Ekitike akikosa bao, amekosa yeye kama mshambuliaji yeyote anavyokosa. Kusema kwamba Jota angelifunga ni kumpa kijana wa watu mpinzani asiyeweza kushindwa kamwe, maana marehemu hakosi tena.

Fedha nazitaja kwa ufupi tu. Mshambuliaji Emiliano Sala alipofariki katika ajali ya ndege mwezi Januari 2019 akitoka Nantes kwenda Cardiff, klabu hizo mbili ziligombania malipo ya uhamisho wake hadi FIFA, ambayo mwaka huohuo iliiamuru Cardiff ilipe awamu ya kwanza ya euro milioni 6, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaitupa rufaa ya Cardiff mwaka 2022. Ugomvi wa aina hiyo una wanasheria wake wanaolipwa, nawe huna haja ya kuubeba kwa niaba ya klabu.

Mwisho, yapo mazingira ambayo ushauri wote huu hautoshi. Katika kundi letu dada mmoja alikuwa amempoteza kaka yake katika ajali ya barabarani, na kifo cha ndugu wawili ndani ya gari moja kilimrudisha nyuma kabisa, hata akashindwa kutazama mechi yoyote. Mtu kama huyo asishawishiwe arudi kwa kisingizio kwamba mpira utamfariji. Mpigie simu, zungumza naye kuhusu kaka yake badala ya Liverpool, mwulize kama analala na kama anakula, na ukiona wiki zinapita bila nafuu, msaidie kumpata mshauri nasaha au mtu mzima wa familia anayemwamini. Sisi tulimwachia nafasi yake katika kundi bila kumtumia matokeo ya mechi, mpaka yeye mwenyewe alipoyaulizia.