Wadogo zangu, Serengeti haijapakwa rangi ya kucha

Juzi pale Naabi, lango la kuingilia Serengeti, foleni ya vibali haisogei, dogo mmoja kasimama mbele ya uwanda wote ule anawaambia wageni wake: "Our Serengeti is very well manicured." Nikajifanya natafuta chupa ya maji chini ya siti.

Sasa nisikilizeni, ninyi waongoza watalii mliotoka chuoni na mashati mapya: maneno ya Kiingereza ya kusifia usafi na unadhifu, kila moja lina mahali pake.

1. "Manicured" ni ya kucha na ya nyasi za gofu, kazi ya mkono na mkasi. Nyasi za uwanda wa Ndutu ni fupi kwa sababu majivu ya volkeno yameganda yakawa tabaka gumu chini, mizizi haipenyi, kisha nyumbu wanamalizia. Sema "pristine", yaani pako kama palivyokuwa tangu awali. Gari ulilotoka kuliosha ni "spotless", halina hata doa moja. Chui usimpe neno hilo. Msicheke, nimelisikia likitamkwa.

2. "Tidy" ni vitu vikirudi mahali pake, kama boksi la spana. "Neat" ni ndugu yake, ila mgeni akiagiza wiski "neat" jioni, haulizii usafi wa glasi, kwa hiyo acha kuifuta. Anataka kavu, bila maji wala barafu.

3. "Well-maintained", yaani kilichotunzwa vizuri. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili nilibeba mzee na mkewe, Wamarekani, wanasherehekea miaka 40 ya ndoa. Mama yule alikuwa nadhifu! Siku ya nne Seronera, sisi wengine tumekuwa rangi ya vumbi, yeye shati la kitani limenyooka, sijui alilipigia pasi wapi. Nikataka kumsifu. Gari langu nilikuwa nalisifia "well-maintained" kila asubuhi, nikaona kwa binadamu, tena mama wa heshima, neno lazima lipandishwe cheo. Tukiwa kwenye lanchi boksi karibu na bwawa la viboko, nikamgeukia mzee nikasema kwa adabu zote: "Sir, your wife is very high-maintenance."

Mzee alicheka mpaka yai likamtoka mdomoni. Mama kimya. Nikadhani hajasikia. Nikarudia, kwa sauti zaidi.

Kumbe ndivyo wanavyomwita mtu msumbufu, wa kubembelezwa na kugharimiwa hadi uchoke. Kutoka hapo hadi uwanja wa ndege wa KIA mama alinisemesha mara mbili, zote kuulizia choo. Bahasha ya tipu nilikuta ameiandika kwa mkono wake: "For vehicle maintenance."

4. Mtu na farasi ni "well-groomed", yaani mwili na nywele zimetunzwa vizuri; kambi siyo. Shuka jeupe lisilo na doa ni "immaculate". Wakatoliki wenzangu mnalijua tangu mafundisho ya komunyo, kwa Bikira Maria asiye na doa.

Na wewe dogo wa Naabi, kama ulishangaa nilivyoinama: chupa ilikuwa mkononi muda wote.