Jibu: Imani bila padri, tazama Nagasaki

Mkuu, umeuliza kama Ukristo unaweza kudumu pasipo padri wala kanisa. Mimi nakupeleka Nagasaki, Japani. Mwaka 1614 watawala wa Japani walipiga marufuku Ukristo nchi nzima. Baadaye watu wakalazimishwa kukanyaga picha ya Yesu au Maria mbele ya maofisa; ukisita, umekwisha. Waliobaki wakajificha. Walei ndio waliobatiza watoto, na wengine walisali mbele ya sanamu za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, huku moyoni wakimwona Bikira Maria. Zaidi ya miaka 200 hivyo hivyo, hebu fikiria!

Machi 1865 wanakijiji wa Urakami, Wakristo wa kujificha, wakaingia kanisa jipya la Oura, lililojengwa Nagasaki kwa ajili ya wageni wa nje. Mama mmoja akamnong'oneza padri Mfaransa, Petitjean, kwamba mioyo yao ni sawa na moyo wake, kisha akauliza sanamu ya Maria iko wapi. Mateso yaliendelea hata baada ya hapo, mpaka marufuku ilipoondolewa 1873.

Kinachonisumbua zaidi ni kisiwa cha Ikitsuki, mkoani Nagasaki. Sala ambazo Wakristo wa huko walirithishana kwa mdomo enzi za mateso, leo zinakosa warithi: vijana wamehamia mijini, hawana habari nazo.