Mimi nachagua choo

Ndugu mhariri, wiki hii mmeuliza: shule ya msingi ya mtaani kwako ikipata fedha za kufanya jambo moja tu, ungependa liwe lipi? Nyumbani kwetu swali hili limezua ubishi. Mume wangu anataka uzio, jirani yangu anataka watoto wapewe uji, kijana wangu wa sekondari anasema kompyuta. Mimi nasema choo, na simung'unyi maneno.

Tupige hesabu kidogo. Kiwango kilichowekwa Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa hiyo shule yenye wanafunzi 1,600, nusu kwa nusu, inatakiwa kuwa na matundu 72. Huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako watu wanahamia kila siku, shule ya watoto 1,600 wala haishangazi mtu. Sasa tuseme ina matundu 16. Kila tundu linabeba watoto 100. Kengele ya mapumziko ikilia, wote wakatoka kwa dakika 30, kila mmoja ana sekunde 18 za kufungua vifungo, kujisaidia na kupisha mwenzake. Hapo matundu yote yawe mazima, na kunawa sijakuhesabu.

Watoto wenyewe wameshapata dawa yao: hawanywi maji. Chupa anayoondoka nayo binti yangu asubuhi hurudi mchana ikiwa imejaa vilevile. Akifika, begi linaachwa mlangoni, yeye anakimbilia msalani. Huyo yuko darasa la tatu. Mabinti wa darasa la sita na la saba ambao wameshaanza kuona siku zao wana taabu zaidi: mlango hauna komeo, ndoo haina maji, pa kutupia pedi hakuna. Wapo wanaoona heri wabaki nyumbani, na kwenye daftari la mahudhurio wanaandikwa watoro.

Ndiyo maana uji nimeuweka wa pili, ingawa najua akina mama wenzangu watanishukia. Ni kweli mtoto mwenye njaa haelewi anachofundishwa. Lakini huwezi kumnywesha uji saa nne halafu saa tano ukamkosesha pa kwenda. Na uji wenyewe unahitaji maji, vikombe vyake vinahitaji maji, mikono ya wanywaji inahitaji maji. Anzeni na maji basi. Uzio una maana yake, maana wapita njia wamegeuza uwanja wa shule kuwa njia ya mkato, ila unaweza kusubiri. Kompyuta nazo zitasubiri.

Mwaka 2016 nchi nzima ilihangaikia madawati, na yakapatikana kwa wingi. Dawati linahesabika, linakabidhiwa mbele ya kamera, mfadhili anapiga chapa jina lake ubavuni. Darasa jipya lina utepe wa kukata. Choo kinazinduliwaje? Sijaona bado mgeni rasmi anayeomba awe wa kwanza kukitumia. Kwa hiyo kwenye vikao vya wazazi choo hutajwa mwishomwisho, kwenye mengineyo, wakati watu wameshaanza kutafuta viatu vyao.

Ila nisieleweke kwamba nataka majengo tu. Vyoo vingi vinakufa kwa kukosa matunzo. Ruzuku inayofika shuleni moja kwa moja ni shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yangu ya mfano itapata shilingi 9,600,000, na humo kuna chaki, mitihani, michezo na ukarabati. Gari la kunyonya maji taka litapewa zamu lini? Huku mabondeni maji ya ardhini yako juu, masika shimo linafurika lenyewe, na majirani zetu wengine (nawajua, nao wananijua) husubiri mvua kubwa watapishe vyoo vyao. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Dar es Salaam hii hii kabla ya kusambaa mikoani.

Tangu sera ya elimu bila malipo ianze Januari 2016, ukitaja mchango unajibiwa kwamba serikali imeshasema elimu bure. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima, na walimu tangu hapo wanaogopa kugusa shilingi ya mzazi. Siwalaumu. Lakini mfagiaji analipwa na nani? Hakuna anayemlipa, kwa sababu mfagiaji ni mwanafunzi wa zamu, na kidumu chake cha maji kutoka nyumbani. Wapo wanaoita hayo malezi. Kufagia darasa na kumwagilia bustani ni malezi, nakubali. Mtoto wa miaka tisa kusugua choo cha watu 100 bila glavu wala sabuni ni kumtafutia ugonjwa.

Fedha zikija, kwanza vitengenezwe vilivyopo: milango yenye komeo kwa ndani, simtank linalokinga maji ya mvua kutoka paa la madarasa, chumba cha wasichana chenye maji humo humo, na walau mlango mmoja wa kupitisha kiti cha magurudumu. Ndipo yaongezwe matundu. Sehemu itengwe kabisa kwa ujira wa mfagiaji na gari la maji taka kwa miaka mitatu, hata kama mfadhili atanuna. Kamati ya shule ibandike mapato na matumizi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ambako sote tunapanga foleni ya barua za utambulisho, tuyasome wakati tunamsubiri mtendaji. Walimu nao wahesabiwe vyao, kwa sababu yale matundu 72 hayawahusu.

Mama wa wanafunzi wawili,
Temeke, Dar es Salaam